Miezi Mitatu ya Mwisho ya Ujauzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Akina Mama wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yanajirudia kwenye mabenchi ya kliniki za wajawazito kuanzia Tunduma hadi Mufindi, kusini magharibi mwa Tanzania, na mengine huulizwa nyumbani kwa sauti ya chini kwa sababu muulizaji anaona aibu. Mabadiliko mengi ya kipindi hiki huchosha bila kudhuru. Machache hayavumilii kusubiri, hasa katika mikoa ambayo zahanati iko kijijini na chumba cha upasuaji kiko ng'ambo ya milima.

## Hesabu ya wiki na tarehe

1. Miezi ya mwisho huanza lini, na kwa nini mkunga anahesabu wiki badala ya miezi?

Huanza wiki ya 28. Hesabu inaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ujauzito mzima huchukuliwa kuwa na siku 280, yaani wiki 40. Ili kupata tarehe ya matarajio, chukua siku hiyo ya kwanza, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu: aliyeona hedhi tarehe 10 Machi anatarajia kujifungua tarehe 17 Desemba. Wiki hutumika kwa sababu miezi huleta mkanganyiko. Anayehesabu mwezi kuwa wiki nne hufikisha miezi kumi, na anayefuata kalenda hufikisha tisa na siku kadhaa.

Tarehe hiyo ni makadirio. Watoto wachache tu huzaliwa siku hiyo hiyo, na anayezaliwa baada ya kutimiza wiki 37 na kabla ya kutimiza 42 amezaliwa kwa wakati wake.

2. Ultrasaundi ya juzi imenipa tarehe tofauti na ile ya mwanzo. Nifuate ipi?

Fuata ya mwanzo, hasa ikiwa ilipigwa kabla ya wiki ya 24. Mapema, watoto wote hulingana kwa ukubwa, hivyo kipimo husoma umri kwa usahihi. Baadaye mmoja huwa mnene na mwingine mwembamba kama watu wengine wote, na mashine inayokadiria umri kutokana na ukubwa inaweza kukosea hata kwa wiki tatu. Kipimo cha mwishoni kina kazi nyingine: kuonyesha mtoto amelalaje, kondo la nyuma limejishikiza wapi na maji yanamtosha. Tofauti ikiwa kubwa, usiulize tarehe mpya. Uliza kama mtoto anakua inavyotakiwa.

## Mtoto tumboni

3. Viungo vyote vimekwisha kuumbika. Wiki hizi zilizobaki ni za nini?

Ni za uzito, mapafu na ubongo. Katika wiki ya 28 mtoto ana takriban kilo moja; akifika wiki ya 40, wengi wana kilo tatu na zaidi. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni mafuta chini ya ngozi, pamoja na mafuta maalumu ya kuzalisha joto yanayojikusanya shingoni na mgongoni. Kwa mtoto atakayezaliwa Makete au Njombe mwezi Julai, akiba hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya baridi.

Mapafu hutengeneza utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane mtoto anapotoa pumzi, na kwa watoto wengi utelezi huo hutosha kuanzia wiki ya 34 au 35. Karibu na wiki ya 34 pia mtoto huanza kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua. Ubongo hukua kwa kasi kubwa: katika wiki ya 35 una uzito wa kama theluthi mbili tu ya ule utakaokuwa nao mimba ikikomaa. Kwa hiyo, kumtoa mtoto mapema bila sababu ya kitabibu, ili tu azaliwe kabla ya sikukuu au kabla baba hajasafiri, kunamnyima wiki ambazo hazina mbadala wake.

4. Ni kweli kwamba mtoto wa miezi saba huishi kuliko wa miezi minane?

Si kweli, ingawa utaisikia kwa bibi zetu wengi na wanaisema kwa nia njema. Kila wiki inayoongezeka humwongezea mtoto nafasi ya kuishi. Madhara ya imani hii ni kwamba familia ya mwenye uchungu wa miezi saba hupumua kwa faraja na kuchelewa kuondoka, wakati yeye ndiye wa kukimbizwa zaidi. Akifika hospitali kabla ya wiki ya 34, mara nyingi anaweza kuchomwa sindano za kuharakisha ukomavu wa mapafu ya mtoto. Dawa hiyo inahitaji muda kabla ya mtoto kuzaliwa.

Njiti aliyezaliwa salama huwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa utaratibu unaoitwa kangaroo. Utaratibu huo ni tiba kamili ya kumpa joto; asionekane amenyimwa mashine.

5. Mtoto anatakiwa kucheza mara ngapi kwa siku?

Hakuna idadi moja inayowafaa wote. Kila mtoto ana mwendo wake: mmoja huamka mama anapokaa kula chakula cha usiku, mwingine hupiga mateke alfajiri. Kuanzia wiki ya 28 jifunze mwendo wa mtoto wako, kwa maana dalili ya kuangalia ni mabadiliko ya mwendo huo. Kutulia kwa dakika 20 hadi 40 ni usingizi, na mara chache usingizi huo huzidi dakika 90.

Ukiwa na wasiwasi, acha kazi, lala ubavu na umsikilize kwa saa mbili. Usipofikisha michezo kumi, nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ikiwa hujamsikia kabisa, usingoje hizo saa mbili.

Kauli kwamba mtoto hupunguza kucheza anapokaribia kuzaliwa imewagharimu wengi. Namna ya kucheza hubadilika, kwa sababu nafasi imepungua: mateke makali hugeuka kuwa kujinyoosha na kujiviringisha. Kiasi cha kucheza hakipaswi kupungua. Kunywa kitu cha sukari ili kumwamsha si kipimo, na hospitali inayojua kazi yake haitakulaumu kwa kufika na kukuta mtoto mzima.

6. Mtoto ametanguliza matako. Je, nitafanyiwa upasuaji?

Si lazima, ikiwa bado ni mapema. Katika wiki ya 28 karibu robo ya watoto hukaa hivyo. Mimba ikikomaa hubaki watatu au wanne katika kila mia. Ikiwa hajageuka kufikia wiki ya 36, mkunga atakupa rufaa kwa daktari, ambaye ama atajaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo hospitalini, ama atapanga nawe njia salama ya kujifungua. Kugeuzwa nyumbani kwa kukandwa tumbo ni hatari, kwani kondo la nyuma linaweza kung'oka.

7. Tunaishi juu sana milimani. Mtoto wangu atakuwa mdogo kwa sababu hiyo?

Kidogo tu. Tafiti za Colorado, Marekani, zilionyesha kwamba uzito wa kuzaliwa hupungua kwa takriban gramu 100 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya juu ina oksijeni pungufu. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Makete vinapita mita 2,000. Mwinuko huo hautoshi kueleza mtoto wa chini ya kilo 2.5. Mkunga akiweka utepe kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha tumbo, anatarajia sentimita zinazokaribiana na idadi ya wiki, 32 kwa wiki ya 32, akiruhusu tofauti ya mbili au tatu. Namba ikibaki palepale hudhurio hadi hudhurio, shaka ni juu ya lishe, shinikizo la damu, malaria au kondo la nyuma. Milima isisingiziwe.

## Mwili wa mama

8. Ninahema hata nikipanda kilima kidogo. Ni mimba au ni upungufu wa damu?

Inaweza kuwa vyote viwili. Mji wa mimba husukuma kiwambo cha kifua juu, na homoni humfanya mama avute pumzi kwa nguvu zaidi. Vilevile damu huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, lakini maji yake huongezeka kuliko chembe nyekundu, hivyo kiwango kinachosomeka kwenye kipimo hushuka. Chini ya gramu 11 kwa kila desilita ya damu katika miezi hii huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Kwa wakazi wa nyanda za juu mpaka huo unapaswa kuwa juu zaidi, kwa sababu mwili wa anayeishi mwinukoni hutengeneza damu nyingi kuliko wa mkazi wa pwani. Aliye na 11 kamili akiwa Njombe asijione ameshiba.

Kuhema kunakoisha ukipumzika ni kwa kawaida. Kuhema ukiwa umekaa, moyo kwenda mbio, viganja kuwa vyeupe au kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi kunahitaji kupimwa leo. Mtoto anaposhuka kwenye nyonga, wiki mbili hadi nne kabla ya kujifungua kwa mimba ya kwanza, pumzi hurudi, na safari za chooni huongezeka.

9. Miguu inavimba. Nivumilie mpaka lini?

Uvimbe wa vifundoni unaokuja jioni baada ya kusimama na kupungua asubuhi ni wa kawaida. Uvimbe wa ghafla usoni na mikononi, pete ikigoma kutoka, macho yakiamka yamefumba, unaweza kuwa ishara ya shinikizo la damu la ujauzito. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, pamoja na protini kwenye mkojo, huthibitisha tatizo hata kama mama anajisikia mzima. Ndiyo maana kupimwa presha hakurukwi hata kama foleni ni ndefu.

Tatizo hilo likiachwa linaweza kuleta kifafa cha mimba. Degedege hilo ni ugonjwa wenye dawa, sindano ya magnesiamu, na halihusiani na mapepo wala mkono wa mtu. Anayepata degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na safari ianze papo hapo.

10. Kiungulia, choo kigumu, mgongo na kubanwa misuli usiku: vina dawa?

Vyote hutokana na homoni zinazolegeza misuli na viungo, na uzito unaosukuma. Kula kidogo kidogo, usilale mara baada ya kula, kunywa maji ya kutosha, ongeza mboga na matunda, na inama kwa magoti badala ya kiuno. Msuli ukibana, nyoosha mguu ukivuta vidole kuelekea kwako. Maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia hayahesabiwi kuwa kiungulia; yanaweza kuwa ishara ya shinikizo la damu la ujauzito. Angalia swali la 9 na la 19.

11. Kuna ubavu maalumu wa kulala?

Lala ubavu, wowote kati ya miwili. Kuanzia wiki ya 28, ukilala chali mji wa mimba hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Ukizinduka usiku ukajikuta chali, geuka tu na uendelee kulala.

12. Tumbo linakuwa gumu kama jiwe kisha linaachia. Huo si uchungu?

Pengine ni mazoezi ya mji wa mimba, ambayo wengi huyaita uchungu wa uongo. Hayana mpangilio, hayaongezeki nguvu na hupungua ukitembea, ukilala au ukinywa maji. Uchungu wa kweli hukaribiana, hudumu zaidi kila unapokuja na kwa kawaida huzunguka kutoka kiunoni kuja mbele. Ute mzito wenye michirizi ya damu huashiria kwamba njia imeanza kufunguka, ingawa siku kadhaa zinaweza kupita. Haya yote yakitokea kabla ya wiki ya 37, usipime nyumbani. Rejea swali la 4.

## Chakula, kazi na desturi

13. Vidonge vya FEFO, vya madini ya chuma na foliki, vinanichafua tumbo. Naweza kuviacha na kula vizuri tu?

Usiviache. Mahitaji ya madini ya chuma katika miezi hii ni makubwa kuliko maharage na mboga za majani zinavyoweza kutoa peke yake. Vinywe usiku kabla ya kulala ikiwa vinakutia kichefuchefu, na usishtuke choo kikiwa cheusi. Jambo linalosahaulika huku kwetu, kwenye mashamba ya Rungwe na Mufindi, ni chai: ikinywewa pamoja na kidonge au na chakula huzuia madini hayo yasifyonzwe. Acha saa moja au zaidi kati yao, na badala yake kula chungwa au limao.

Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Udongo huo huweza kuleta minyoo na madini yenye sumu, kwa hiyo mwambie mkunga bila haya. Ameshalisikia hilo mara nyingi.

14. Ulanzi mtamu wa asubuhi nao ni pombe?

Ndiyo. Utomvu wa mwanzi huanza kuchachuka ukiwa bado unadondoka kwenye mbeta, yaani chombo cha kuukingia, na unaoonja kama togwa asubuhi huwa umekolea jioni. Hakuna kiwango cha pombe kilichothibitika kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni, awe mama amekunywa ulanzi, komoni au bia ya chupa. Anayeona aibu kukataa kibuyu kwenye msiba au harusi anaweza kusema dawa za kliniki hazimruhusu.

15. Baridi ni kali. Naweza kulala na jiko la mkaa chumbani?

Hapana, hata likiwa limefifia. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo hupita kwenye kondo la nyuma na kung'ang'ania damu ya mtoto kuliko ya mama. Mama anaweza kuamka na kichwa kizito tu, na mtoto akawa ameumia zaidi. Pasha chumba mapema, kisha toa jiko nje kabla ya kulala. Ongeza blanketi na soksi.

16. Mama mkwe amenipa mizizi ya kuongeza uchungu. Nikatae vipi?

Baadhi ya mitishamba hiyo hukaza kweli mji wa mimba, na hatari iko hapo hapo: hakuna anayejua kipimo chake, na mkazo usioachia humkosesha mtoto hewa au hupasua mji wa mimba, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Pokea kwa heshima, usinywe, na mwombe mkunga aongee na mama mwenyewe siku ya hudhurio. Neno la mkunga hubebeka kuliko la mkwe. Ukiwa umeshakunywa, sema ukifika wodini. Kuficha ndiko kunakowachanganya wahudumu.

17. Tendo la ndoa linaruhusiwa?

Linaruhusiwa hadi mwisho ikiwa huna damu inayotoka, chupa haijapasuka, kondo la nyuma halijakaa chini na daktari hajakukataza.

## Vipimo na dawa

18. Nilipimwa VVU mwanzoni. Kwa nini nipimwe tena, na kwa nini ninywe SP, dawa ya kukinga malaria, wakati huku hakuna mbu?

Mama anaweza kupata maambukizi katikati ya ujauzito, na maambukizi mapya ndiyo yenye virusi vingi zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta kiwango cha VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati cha taifa kilikuwa 4.4. Kwa mikoa hii, kurudia kipimo ni busara ya kawaida na si tuhuma dhidi ya ndoa ya mtu. Anayegundulika huanza dawa siku hiyo, na wengi wa wanaozitumia vizuri huzaa watoto wasio na virusi.

Kuhusu SP, mbu ni wachache Kitulo, lakini mama huyo huyo hushuka Kyela kusalimia au Usangu kuvuna mpunga, na kinga yake dhidi ya malaria ni ndogo kuliko ya wenyeji wa mabondeni. Dozi hutolewa kwa kupishana angalau mwezi mmoja. Anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kinga wanayopewa baadhi ya wenye VVU, hapewi SP.

## Safari ya kujifungua

19. Dalili zipi haziruhusu kusubiri asubuhi?

Damu ukeni, hata bila maumivu, kichwa kuuma sana au kuona ukungu na nyota, degedege, maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, homa, mtoto kupunguza kucheza, maji kutoka kabla ya wiki ya 37, au maji yenye rangi ya kijani au harufu. Chupa ikipasuka mimba ikiwa imekomaa, nenda kituoni hata kama uchungu haujaanza, kwa sababu kila saa inayopita huongeza nafasi ya maambukizi.

Piga 115, bila malipo. Ni namba ya mfumo wa M-mama, unaompangia mama mwenye dharura gari la wagonjwa au gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa. Iandike kwenye kadi ya kliniki na kwenye simu ya mume, maana mwenye degedege hapigi simu.

20. Nijifungulie zahanati ya kijiji au niende hospitali?

Mimba ya pili au ya tatu isiyo na tatizo inaweza kuishia salama kwenye zahanati yenye mkunga. Waende kwenye chumba cha upasuaji wenye mapacha, waliowahi kupasuliwa, wenye presha, wenye mtoto aliyekaa vibaya, waliowahi kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua na wasichana wadogo wenye mimba ya kwanza. Hospitali ya Wazazi Meta jijini Mbeya, Ikonda kule Makete, Ilembula na Tosamaganga ni miongoni mwa zinazopokea rufaa hizi.

Kama unatoka mbali, kwa mfano vijiji vya Ludewa vilivyo kando ya Ziwa Nyasa, uliza mapema kama hospitali ina nyumba ya kusubiria kujifungua, ambayo wengi huiita chigonela. Kati ya Novemba na Mei, wakati wa masika, fika huko wiki mbili au tatu kabla ya tarehe. Wanaopinga husema nyumba itabaki bila mtu, na hoja hiyo ina uzito kwa mama mwenye watoto wadogo. Ndiyo maana ijadiliwe na mume na dada zake wiki ya 30, si siku barabara imekatika.

21. Tarehe imepita na hakuna uchungu. Nikae tu?

Kwanza hakikisha hesabu, kwa kutumia majibu ya swali la 1 na la 2, kwa sababu wengi wanaodhani wamepitiliza wamekosea hedhi. Hesabu ikiwa sahihi, rudi kliniki wiki ya 40 kwa kupimwa presha, maji na mapigo ya mtoto, na ukifikisha wiki ya 41 nenda hospitali kuzungumzia kuanzishiwa uchungu. Baada ya wiki ya 42 kondo la nyuma huchoka, maji hupungua, na hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Uchungu uanzishwe hospitalini tu, penye wa kusikiliza mapigo ya mtoto na penye chumba cha upasuaji karibu. Mizizi ya swali la 16 haichukui nafasi yake. Wakati wote huo endelea kufuatilia anavyocheza, kila siku.